Wimbo Uliovuka Bahari na Kurudi

Jua linapozama nyuma ya milima ya Bukavu, na wavuvi wanapowasha taa zao juu ya maji ya Ziwa Kivu, mji wa Kamembe hugeuka kuwa mji wa masikio. Sauti za ng'ambo husafiri juu ya maji zikafika mpaka vibarazani. Mto Rusizi, utokao ziwani hapo na kuteremka kusini kwenda Tanganyika, ndio mpaka wa nchi mbili. Askari wa zamu darajani hukagua vyeti, hupekua mizigo, humwuliza kila mtu jina lake na safari yake. Lakini yuko msafiri mmoja ambaye hajapata kusimamishwa na askari ye yote, wala kutozwa ushuru, wala kuulizwa kabila lake. Msafiri huyo ni wimbo.

Katika Kamembe, gitaa la Kikongo husikika saa zote. Husikika dukani, husikika sokoni, husikika katika nyumba ambamo mama anapika huku watoto wakifanya kazi za shule. Wazee wamelizoea tangu ujana wao. Hata hivyo, hutokea mara nyingi kijana akamwambia mwenzake kwamba gitaa ni jambo la kizungu, kwamba bluzi na jazi ni muziki wa Marekani, na kwamba Mwafrika ameyapokea mambo hayo kama alivyopokea saa ya mkononi na baiskeli. Maneno hayo husemwa bila nia mbaya, lakini si kweli. Muziki huo si mgeni aliyebisha hodi. Ni ndugu aliyechukuliwa kwa nguvu, akakaa ugenini miaka mingi, kisha akarudi nyumbani akiwa amevaa nguo nyingine, hata ndugu zake wakashindwa kumtambua.

Habari za ndugu huyo zafaa kujulikana katika kila nyumba, na hasa katika nyumba za watu ambao kazi yao ni kuhama kutoka kituo hadi kituo.

NCHI YA NYIKA NA NYUZI

Afrika ya Magharibi ina nchi za namna mbili. Karibu na pwani ya kusini uko msitu mnene, wenye miti mikubwa ifaayo kuchonga ngoma. Kaskazini ya msitu huo, kuanzia Senegal na Gambia, kupitia Mali, kaskazini ya Ghana na ya Nigeria, hadi Kamerun, ziko nyika pana zenye miti michache. Watu wa nyika hizo wanazo ngoma pia, lakini wamesifika zaidi kwa ala za nyuzi. Wanayo ngoni, ambayo ni kipande cha mti kilichochimbwa na kuwambwa ngozi. Wanayo akonting ya Wajola, ambayo tumbo lake ni kibuyu. Wanayo pia mazeze ya kukwaruza kwa upindi wa singa za farasi.

Katika nchi nyingi za huko kulikuwako na bado wako watu wa ukoo maalumu, ambao kazi yao ni kuhifadhi habari kwa wimbo. Wafaransa waliwaita griot. Wamandinka huwaita jali. Mtu wa ukoo huo hujua nasaba za wafalme na majemadari, vita vilivyopiganwa, mikataba iliyofungwa na aibu zilizofichwa. Hupiga nyuzi taratibu, akasema, akaimba, akanyamaza, akaziacha nyuzi zimjibu. Sauti yake huvutwa na kuzungushwa, ikapanda na kushuka juu ya silabi moja, kwa namna inayomkumbusha msikilizaji sauti ya msomaji wa Kurani au ya mwadhini mnarani. Jambo hilo si la ajabu, kwani Uislamu uliingia katika nchi hizo yapata miaka elfu moja iliyopita.

Msomaji wa Rwanda hatashangaa kusikia hayo. Hapa pia wapiga inanga walikaa mbele ya wakuu, wakazitia nyuzi vidole, wakasimulia habari za wafalme, za ng'ombe na za mashujaa. Rwanda na Mali ziko mbali sana, lakini kazi ni ile ile: kuufanya uzi uwe kitabu.

MZIGO USIOONEKANA

Kisha zikaja merikebu. Wataalamu waliochunguza madaftari ya bandari na ya mabaharia wanakadiria kwamba Waafrika zaidi ya milioni 12 walipakiwa katika merikebu za watumwa kuvuka Bahari ya Atlantiki, na kwamba waliofika ng'ambo wakiwa hai ni kama milioni 10 na nusu. Wengi walipelekwa Brazil na visiwa vya Karibi. Waliofikishwa moja kwa moja Amerika ya Kaskazini hawakuzidi laki 4, na miongoni mwao watu wa Senegal na Gambia walikuwa fungu kubwa. Katika Louisiana, wakati wa utawala wa Wafaransa, fungu hilo lilikaribia theluthi mbili ya watumwa wote walioletwa.

Mtu aliyepakiwa katika merikebu hizo hakuruhusiwa kubeba kitu. Nguo alivuliwa. Jina alibadilishiwa. Mke alitenganishwa na mume, na mtoto na mama. Ng'ambo alichanganywa na watu wa lugha nyingine makusudi, ili wasipate kushauriana. Mtu angeweza kudhani kwamba aliyenyang'anywa yote hayo amebaki mtupu kabisa. Lakini kulikuwa na mzigo mmoja ambao mnyapara hakuweza kuuona, na kwa hiyo hakuweza kuutupa baharini. Mzigo huo ulikuwa mkononi na kooni: jinsi ya kutega uzi, jinsi ya kuuvuta, jinsi ya kuanzisha wimbo na kuuitikia.

Tarehe 9 Septemba 1739, katika koloni la South Carolina, karibu na mto uitwao Stono, watumwa waliasi. Walitwaa silaha ghalani, wakashika njia kwenda kusini ambako walitumaini kupata uhuru, huku wakipeperusha bendera na kupiga ngoma ili wenzao wasikie na kujiunga nao. Kila askari anaifahamu kazi ya ngoma na tarumbeta katika jeshi: hukusanya, huamuru, hutia moyo. Mabwana wa South Carolina waliifahamu pia. Baada ya kuuzima uasi kwa damu nyingi, mwaka uliofuata, 1740, walitunga sheria ngumu, na mojawapo ya makatazo yake ilikuwa kuwazuia watumwa wasitumie ngoma, baragumu na ala nyingine za sauti kubwa zinazoweza kuitana.

Ngoma ikanyamazishwa, lakini uzi haukutiliwa maanani. Zeze la kibuyu halisikiki mbali. Bwana aliliona kuwa mchezo usio na hatari, na mara nyingine alimwita mtumwa wake aje kuwachezea wageni. Kwa hiyo watu wa nyika, ambao ala zao zilikuwa za nyuzi, waliruhusiwa kuendelea na kile walichokijua zaidi. Mnyonge alinyang'anywa ngoma, akaiweka ngoma ndani ya uzi. Ndiyo maana hata leo mpigaji wa bluzi hulipiga gitaa lake kama mtu apigaye ngoma, kidole gumba kikishika mwendo na vidole vingine vikisema.

BANJO NA UKUTA WA NYUMBA

Ushahidi wa kwanza wa jambo hili ni banjo. Watu wengi duniani huihesabu banjo kuwa ala ya wazungu wa mashambani Marekani. Lakini Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa Rais wa tatu wa nchi hiyo, aliandika katika kitabu chake juu ya jimbo la Virginia, katika karne ya 18, kwamba ala hiyo ilikuwa ya watu weusi nao waliitoa Afrika. Banjo za zamani zilikuwa za kibuyu kilichowambwa ngozi, zenye mpini wa kijiti na uzi mmoja mfupi unaopigwa kwa gumba. Akonting ya Wajola ina umbo hilo hilo. Tena Mjola huupiga uzi kwa ukucha wa kidole cha shahada akienda chini, kisha gumba lake hujibu kwenye uzi mfupi. Wapigaji wa zamani wa banjo huko Marekani hupiga vivyo hivyo. Mabwana walibadilisha majina ya watu, lakini hawakuweza kubadilisha desturi ya vidole.

Ushahidi wa pili ni mdogo zaidi, lakini unagusa moyo. Katika mashamba ya Mississippi watoto wa maskini weusi walikuwa wakichukua uzi wa waya, mara nyingi ule uliofunga ufagio, wakaupigilia misumari kwenye ukuta wa nyumba. Chini na juu ya waya waliingiza jiwe au chupa ili uzi ukazike. Mtoto aliupiga waya kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akateleza juu yake na chupa au kipande cha chuma, sauti ikalia kama mtu. Nyumba nzima ikawa tumbo la ala. Wapiga gitaa wengi waliosifika baadaye walianza masomo yao ukutani namna hiyo. Mtaalamu wa Austria, Gerhard Kubik, aliyezunguka Afrika kwa miaka mingi na kuandika kitabu juu ya Afrika na bluzi mwaka 1999, ameonyesha kwamba mchezo huo wa watoto una ndugu zake katika Afrika ya Magharibi na ya Kati, ambako watoto hutega uzi mmoja juu ya ubua au ubao, mmoja akipiga na mwingine akiteleza.

BLUZI YAZALIWA

Utumwa ulifutwa Marekani mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Lakini mtu aliyeachwa huru bila shamba, bila ng'ombe na bila fedha, alijikuta akilima shamba lile lile kwa nusu ya mavuno, na deni la duka likamfunga kuliko mnyororo. Wengine walitiwa gerezani kwa makosa madogo wakalimishwa huko. Katika mashamba hayo, katika magereza hayo, na katika kambi za wajenzi wa kuta za kuzuia mto Mississippi, watu walifanya kazi kwa wimbo. Kiongozi alitoa sauti, kundi likaitikia, na majembe yakashuka pamoja. Mtu aliyekuwa peke yake alilia kwa sauti ndefu juu ya shamba, akijisemea mwenyewe.

Kutokana na vilio hivyo, na ile mikono iliyokumbuka nyuzi, ikazaliwa bluzi, mnamo miaka ya mwisho ya karne ya 19. Yapata mwaka 1903, kiongozi mmoja wa bendi, Mmarekani mweusi aitwaye W. C. Handy, alikuwa akingoja treni iliyochelewa katika kituo cha Tutwiler, Mississippi. Ameeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba alimwona hapo mtu wa nguo chakavu akipiga gitaa huku akiteleza kisu juu ya nyuzi, na kwamba huo ulikuwa muziki wa ajabu kuliko wote aliopata kuusikia. Handy alikuwa mtu wa kusoma na kuandika noti. Mwaka 1912 alichapisha wimbo wake wa The Memphis Blues. Mwaka 1920 Mamie Smith akaimba katika santuri iliyouzwa kwa wingi mno, na makampuni ya santuri yakafahamu kwamba watu weusi nao wananunua muziki wao.

Yafaa kueleza bluzi imejengwaje, maana katika ujenzi wake ndimo Afrika ilimojificha. Kwa kawaida kila ubeti una mistari mitatu. Mwimbaji hutoa mstari wa kwanza, huurudia ule ule, kisha hutoa wa tatu unaojibu au kumaliza fikira. Baada ya kila mstari hunyamaza kidogo, na gitaa humwitikia. Aliyekuwa na kundi la waitikiaji shambani, sasa ana nyuzi sita badala ya kundi. Tena, ndani ya bluzi zimo sauti zisizopatikana katika piano, kwa kuwa hukaa katikati ya sauti mbili za kinanda hicho. Walimu wa Kizungu walizihesabu kuwa makosa. Hazikuwa makosa. Zilikuwa sauti za ngazi nyingine ya muziki, ambayo masikio ya nyikani yalikuwa yakiipanda kabla piano haijabuniwa.

Wako wadhanio kwamba bluzi ni muziki wa kukata tamaa, kwa kuwa inasimulia njaa, mafuriko, safari na mapenzi yaliyovunjika. Askari aliyekaa kituo cha mbali, na mke aliyebaki na watoto akingoja barua, wataelewa vizuri zaidi. Anayeimba huzuni yake hajaishindwa. Ameitoa moyoni akaiweka mahali anapoweza kuitazama.

NDUGU WATAMBUANA

Mwaka 1977 ilitolewa Marekani santuri ya ajabu. Mtafiti Alan Lomax, ambaye alikuwa amerekodi nyimbo katika gereza la Parchman huko Mississippi, alichukua sauti ya mtu mmoja wa huko aliyekuwa akiimba wimbo wa shamba, akaiunganisha kwa zamu na sauti ya Msenegali mmoja aliyerekodiwa kwao. Huimba huyu kipande, kisha yule. Msikilizaji asiyeambiwa hudhani ni watu wawili wa kijiji kimoja wakijibizana kutoka kilima hadi kilima. Kati yao ilikuwako bahari nzima na karne mbili au zaidi.

Huko Mali, katika mji wa Niafunké kando ya mto Niger, alikuwako mkulima na mwanamuziki Ali Farka Touré, aliyezaliwa mwaka 1939. Kabla ya kushika gitaa alijifunza ala ya uzi mmoja ya kwao. Alipokwisha kuwa mtu mzima alisikia santuri za John Lee Hooker, mpiga bluzi aliyezaliwa Mississippi, naye akazitambua mara moja kuwa ni muziki wa nyumbani. Baadaye alizoea kusema kwamba mizizi ya mti huo iko Afrika, na kwamba Wamarekani wanayo matawi. Mwaka 1994 alitoa santuri ya Talking Timbuktu pamoja na Mmarekani Ry Cooder, ikapata tuzo ya Grammy. Sifa hizo hazikumwondoa shambani. Alirudi Niafunké akalima, akawa meya wa mji wake, akafariki mwaka 2006.

NJIA YA PILI: KUBA HADI KAMEMBE

Hayo ni ya Afrika ya Magharibi na Marekani. Lakini je, yanaihusu nini Kamembe? Ukweli ni kwamba watu wa nchi hizi za maziwa makuu hawakuwa wengi katika merikebu za Atlantiki. Wala hakuna haja ya kudai kwamba bluzi ilitoka Rwanda. Iko njia ya pili, na hiyo ndiyo iliyofika hapa.

Wakati watu wa Senegal na Gambia walipokuwa wakipelekwa Amerika ya Kaskazini, watu wengi wa ufalme wa Kongo na jirani zake walipelekwa Kuba, ambako utumwa haukufutwa hadi mwaka 1886. Huko ngoma hazikunyamazishwa kwa ukali ule ule, nazo zilikutana na gitaa la Wahispania. Wakongo walitengeneza hata marimba yao ya vidole, ile ambayo katika Rwanda huitwa ikembe, lakini wakaikuza ikawa sanduku kubwa la kukaliwa, lenye ndimi za chuma, likitoa sauti nzito. Wakuba huliita marímbula. Kutokana na mkutano huo zikazaliwa ngoma za Kuba ambazo dunia nzima ilizicheza.

Kuanzia mwaka 1933, kampuni moja ya Uingereza ilileta Afrika santuri zenye alama ya G.V., nyingi zikiwa za Wakuba. Katika mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, watu walizisikiliza nyimbo zilizoimbwa kwa Kihispania wasichokijua, lakini miguu yao ikajua la kufanya. Vijana wakashika magitaa wakaanza kuziiga, kisha wakaacha kuiga wakaimba kwa Kilingala. Mwaka 1948 Wendo Kolosoy, aliyewahi kufanya kazi katika meli za mtoni, alirekodi wimbo wa Marie-Louise pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane. Mwaka 1953 Joseph Kabasele aliunda African Jazz, na mwaka 1956 ikazaliwa OK Jazz ya Franco. Desemba 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la UNESCO liliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu wote, kwa ombi la nchi zote mbili za Kongo.

Kusini mashariki ya Kongo, katika Katanga, mambo yalichukua sura ambayo Waswahili wanayo haki ya kujivunia. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alisafiri na mitambo yake ya kurekodi. Katika mwaka huo huo alifika Rwanda akarekodi muziki wa ikulu ya Mwami, na katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi, alimkuta kijana Jean-Bosco Mwenda akipiga gitaa njiani. Mwenda alilipiga kwa vidole viwili tu, gumba na shahada, lakini msikilizaji alidhani wako wapigaji wawili. Wimbo wake wa Masanga, ulioimbwa kwa Kiswahili, ulienea Afrika nzima, ukasikilizwa hata Ulaya na Marekani. Gumba lililoshika mwendo na shahada iliyosema: ni vidole vile vile vya mpiga akonting, na vya mpiga bluzi wa Mississippi. Hakufundishwa nao, wala wao hawakufundishwa naye.

SIKU TATU ZA KINSHASA

Mwaka 1974 matawi ya mti huo yalikutana mahali pamoja. Mabondia Muhammad Ali na George Foreman walikuwa wapigane Kinshasa, na kabla ya pambano ilipangwa tamasha kubwa ya muziki. Foreman aliumia juu ya jicho mazoezini, pambano likaahirishwa hadi Oktoba 30. Lakini wanamuziki walikuwa wamekwisha pangiwa safari, na tamasha ikafanyika kwa siku tatu, kuanzia Septemba 22 hadi 24, katika Uwanja wa Mei 20.

Waliopanda jukwaani walikuwa wajukuu wa merikebu zote. Alikuwako B. B. King, aliyezaliwa kati ya mashamba ya pamba ya Mississippi, na gitaa lake la bluzi. Alikuwako James Brown. Alikuwako Celia Cruz, mwanamke wa Kuba mwenye sauti ya dhahabu. Na wenyeji walikuwa wakiwangoja: Franco na jeshi lake la OK Jazz, pamoja na Tabu Ley Rochereau. Kutoka kusini alikuja Miriam Makeba. Wengine kati ya wageni hao walikuwa wakiikanyaga ardhi ya Afrika kwa mara ya kwanza. Hawakujua neno moja la Kilingala, na hawakuhitaji. Mababu zao walichukuliwa bila hiari na bila mzigo. Wao walirudi kwa ndege, wakiwa na mzigo ule ule ambao haukuonekana.

MTIHANI ULIOBAKI

Mithali ya Kiswahili husema, "Mwacha mila ni mtumwa." Habari hizi zinaigeuza mithali hiyo ikatazamwa upande wa pili. Watu wale walikuwa watumwa kwa mnyororo na kwa sheria, lakini mila hawakuiacha, na kwa hiyo ndani yao ilibaki sehemu ambayo hakuna bwana aliyepata kuimiliki. Sheria ya 1740 haikuweza kuua wimbo. Bahari haikuweza. Gereza halikuweza.

Kinachoweza kuua wimbo ni kitu kidogo zaidi, nacho hakihitaji sheria: ni mtoto kutouliza na mzee kutoulizwa. Katika vilima vya Rwanda na Burundi iko ala iitwayo umuduri. Ni upinde wa uzi mmoja, wenye kibuyu cha kukuza sauti. Mpigaji huugonga uzi kwa kijiti, huku kayamba ndogo ikicheza mkononi, naye husimulia mambo ya watu kwa mzaha na hekima. Ni ndugu wa pinde za Angola zilizovuka bahari zikawa berimbau ya Brazil. Vijana wa Ulaya hulipa fedha kujifunza berimbau. Lakini ziko nyumba ambamo umuduri wa babu umelala nyuma ya ghala la maharage, uzi umekatika, na mjukuu hajui hata jina lake.

Hakuna anayewataka vijana waache gitaa. Gitaa nalo, kama ilivyoonekana, limekwisha kuwa la nyumbani. Linalotakiwa ni dogo. Baba anaporudi likizo kutoka kituoni, na jua likiwa limezama, yafaa redio izimwe kwa nusu saa. Nyanya aombwe wimbo wa kubembeleza watoto aliouimba zamani. Babu aombwe ataje majina ya wapiga inanga aliowasikia. Mama aliyetoka mkoa mwingine afundishe wimbo wa kwao, hata kama maneno yake ni mageni kwa majirani. Na mtoto mdogo apewe kipande cha waya, ubao na chupa tupu, aonyeshwe jinsi ya kuukaza uzi na kuuteleza. Sauti ya kwanza itakuwa ya kukwaruza, nayo itawaudhi wakubwa. Wasimkataze.

Usiku utakapoingia Kamembe na upepo ukivuma kutoka ziwani, sauti hiyo ya waya mmoja itasikika mpaka kwa jirani. Askari wa zamu darajani ataisikia pia ikipita juu yake kuelekea ng'ambo, naye ataiacha ipite.